Mhariri, "injury" si kidonda

Kwa Mhariri,

Katika safu yako ya barua, ndugu mmoja aliyeandika kuhusu fidia za wafanyakazi alisema kwamba neno la Kiingereza "injury" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kidonda, na kwa hiyo Waswahili hawakukosea walipolifasiri kuwa "jeraha". Nampongeza kwa kulitazama jambo hili, maana si wengi wanaojisumbua kuuliza neno limetoka wapi maadamu limeshafika. Hata hivyo, asili aliyoitaja siyo, na tofauti iliyopo kati ya asili hiyo na ile ya kweli haiwahusu wapenzi wa kamusi peke yao, kwani huku kwetu Lamu inaweza kuamua nani atalipwa na nani atarudi nyumbani mikono mitupu. Nimekuwa mkalimani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi, na neno hili limepita kinywani mwangu mara nyingi kuliko majina ya wanangu. Naomba nafasi nilieleze.

Kilatini kina neno lake la kidonda, nalo ni "vulnus", ambalo Waingereza wamelitumia kuunda "vulnerable", yaani aliye rahisi kudhurika. "Injury" halina udugu wowote na neno hilo. Limeundwa kwa vipande viwili: "in", ambayo hapa ni ya kukanusha, na "ius", ambayo ni haki au sheria; vikiunganishwa vinatoa "iniuria", jambo lililo kinyume cha haki. Kwenye "ius" hiyo hiyo ndiko lilikotoka neno "justice". Kwa Mrumi, basi, iniuria ilikuwa dhuluma kabla ya kuwa maumivu. Kitabu cha kufundishia sheria kilichotolewa kwa amri ya mfalme Justinian mwaka 533 kinaufungua mlango wa jambo hili kwa kusema kwamba, kwa jumla, iniuria ni kila litendwalo bila haki, kisha kinataja maana zake finyu, ya kwanza ikiwa ni kumvunjia mtu heshima.

Sheria ya Roma iliyo maarufu kwa ukale wake, ile ya Mbao Kumi na Mbili ya karibu mwaka 450 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, inalionyesha jambo hili waziwazi. Aliyemharibu mwenzake kiungo, na wasipatane, alilipizwa kisasi cha mfano wake. Aliyemvunja muungwana mfupa alilipa vipande 300 vya shaba, na mfupa wa mtumwa bei yake ilikuwa nusu, vipande 150. Chini ya hayo ndipo ilipokuja iniuria, faini yake vipande 25. Msomaji autazame mpangilio huo kwa makini: kiungo kilichoharibiwa kina kifungu chake, mfupa uliovunjika una kifungu chake, na iniuria ni yale yaliyobaki, kofi, msukumo na mfano wa hayo, mambo ambayo mara nyingi hayaachi hata alama kwenye ngozi.

Hapo ndipo kinapoingia kisa ambacho nilikuwa nikiwasimulia makarani vijana walipokuja kujifunza ukalimani, kwa sababu hakuna anayekisahau. Mwandishi Aulus Gellius wa karne ya 2 amemtaja tajiri mmoja, Lucius Veratius, ambaye starehe yake ilikuwa kutembea mjini na kuwapiga waungwana makofi ya uso. Nyuma yake alifuatwa na mtumwa aliyebeba mfuko wa fedha, na kila aliyepigwa alihesabiwa papo hapo vipande vyake 25, kama sheria ilivyotaka. Shaba ilikuwa imeshashuka thamani, faini haikumchoma mtu tena, na bwana yule alikuwa akiinunua dhuluma rejareja barabarani bila ya kuivunja sheria hata herufi moja. Ndiyo sababu, asema Gellius, mahakimu wa Roma wakaiacha bei ile ya zamani na kutangaza kwamba watateua watu wa kukadiria kila dhuluma kwa uzito wake. Katika kisa chote hicho hakuna kidonda, hakuna bandeji, wala hakuna aliyepelekwa kwa tabibu. Na kila aliyezabwa kofi, kwa lugha ya sheria yao, alikuwa ametendewa iniuria iliyo kamili.

Neno likaingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha watawala Wanormani, na katika maandishi ya mwishoni mwa karne ya 14 tunalikuta likibeba maana za uonevu, hasara na madhara. Kitenzi chake, "injure", cha karne ya 15, kilianza kwa maana ya kumtendea mtu isivyo haki au kumvunjia heshima. Maana ya kuuumiza mwili ilifuata baadaye, katika karne ya 16. Wafaransa wenyewe walikwenda njia nyingine, hata leo ukimwambia Mfaransa neno "injure" ataelewa tusi. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Paulo anawaambia Wagalatia kwamba hawakum-"injure" hata kidogo, na hakuna mfasiri anayedhani kuwa alikuwa akizungumzia mwili wake.

Mahakama za Uingereza zilishikamana na maana ile ya kale kwa muda mrefu kuliko watu wa mitaani. Mfano nilioupenda siku zote ni wa Matthew Ashby, fundi viatu wa mji wa Aylesbury, aliyezuiwa kupiga kura katika uchaguzi wa mwaka 1701. Mgombea aliyetaka kumpigia alishinda hata hivyo, na wakubwa waliomzuia wakajitetea kwamba fundi yule hakupoteza chochote. Jaji Mkuu Holt, mwaka 1703, akasema kwamba "injury" yoyote ina dhara ndani yake pindi mtu anapozuiwa kuifikia haki yake, hata kama haikumgharimu senti. Majaji wenzake hawakukubaliana naye, lakini Baraza la Malodi, ambalo enzi hizo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, likamuunga mkono. Fundi viatu alikuwa mzima wa afya, akaenda zake na viatu vyake, na sheria ikasema kwamba amepata "injury".

Kesi nyingine inatuhusu zaidi sisi tunaoishi jirani na machimbo ya mawe ya Manda. Katika karne ya 19, waajiri wa Uingereza walikuwa na ngao waliyoitoa katika msemo wa Kilatini, kwamba kwa aliyeridhia mwenyewe hakuna "injuria", yaani iniuria ile ile kwa tahajia nyingine. Maana yake ni kwamba mfanyakazi aliyeijua hatari na akaendelea na kazi ameiridhia, na hawezi kulalamika. Mwaka 1891 kesi ya Smith dhidi ya Baker ikafika mbele ya Malodi. Smith alikuwa akitoboa mwamba huku winchi ikipitisha mawe juu ya kichwa chake, na siku moja jiwe likamwangukia. Malodi wakaamua kwamba kujua hatari si kuiridhia, na kwamba mtu hawezi kunyimwa haki yake kwa sababu tu alikuwa na njaa ya kutosha kubaki kazini. Maneno hayo ya mwisho ni yangu, lakini hukumu ni yao. Jiwe lilimuumiza Smith mwili, naam, ila kilichobishaniwa mpaka ngazi ya juu kabisa hakikuwa ukubwa wa kidonda chake, bali kama alidhulumiwa.

Hata Kiingereza cha leo hakijaisahau asili hiyo. Mkataba unapovunjwa, aliyevunjiwa huitwa "injured party", nami nimewahi kuona tafsiri ya Kiswahili ya mkataba wa kupangisha nyumba iliyomwita "upande uliojeruhiwa", kana kwamba mwenye nyumba alitoka kwenye shauri la kodi akiwa amefungwa plasta. Tulicheka, lakini mfasiri yule alifanya tu kile ambacho sote tumezoea kukifanya.

Sasa tuje Kenya, ambako jambo hili linaacha kuwa la kuchekesha. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ina neno lake la jeraha, nalo ni "wound", neno la asili ya Kiingereza cha kale ambalo ni ndugu wa damu wa "Wunde" ya Kijerumani. Kifungu cha 4 kinalifafanua kuwa ni mkato au mtobo unaopasua au kupenya utando wa nje wa mwili, na kinaongeza kwamba utando huhesabiwa kuwa wa nje ikiwa unaweza kuguswa bila ya kuupasua mwingine. Ni maelezo ya mtu anayeitazama ngozi kwa karibu sana. Kifungu hicho hicho kina neno jingine, "harm", ambalo limepewa upana wa maumivu yoyote ya mwili, ugonjwa au hitilafu, ya kudumu au ya muda. Sheria haikuyachanganya maneno hayo, na Waingereza ambao ndio waliotuachia mtindo huo hawayachanganyi pia: mwaka 1983 mahakama yao iliamua kwamba kijana aliyepigwa risasi ya bunduki ya hewa karibu na jicho, mishipa ya damu ikapasuka ndani ya jicho lenyewe, hakuwa amepata "wound", kwa kuwa ngozi haikupasuka kupita na kupita.

Bunge la Kenya lilipotunga mwaka 2007 sheria ya fidia iitwayo Work Injury Benefits Act, inayojulikana na wengi kwa kifupi chake, WIBA, halikuchukua neno "wound" ambalo lilikuwa kwenye vitabu vyake tangu enzi za ukoloni. Lilichukua "injury". Na utangulizi wa sheria hiyo unasema ni ya kuwafidia wafanyakazi kwa yale yanayowapata kutokana na kazi, pamoja na magonjwa wanayoyaambukizwa au kuyapata wakiwa kazini. Aliyeteguka uti wa mgongo yumo. Aliyepoteza kusikia kwa kelele za mashine ya kupasulia mbao yumo. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au Marereni, kaskazini ya Malindi, naye macho yakamharibikia kwa sababu ya kazi hiyo, ana haki ya kusikilizwa. Hakuna kati yao mwenye jeraha.

Neno "jeraha" ni letu, na silidharau. Limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kukata na kupasua. Ndiyo maana mpasuaji wa hospitali kwa Kiarabu huitwa "jarrah", na ndiyo maana aya ya 45 ya Suratul Maida, inapotaja jicho kwa jicho na jino kwa jino, inamalizia hesabu hiyo kwa kutaja majeraha na kisasi chake. Waliosoma hadithi za Mtume wanajua pia kwamba mzizi huo ulipanda kutoka kwenye nyama ukafika kwenye heshima: elimu ya "jarh na taadil" ni ya kuwapima wapokezi wa hadithi, nani mwaminifu na nani ana dosari, na kumtia mpokezi dosari ndiko kunakoitwa kumjeruhi. Kwa hiyo neno la Kiarabu lilianzia kwenye ngozi likaelekea kwenye haki, na la Kilatini lilianzia kwenye haki likaelekea kwenye ngozi, mfano wa majahazi mawili, moja limekuja na kaskazi na jingine na kusi, yakakutana katika bandari moja. Sisi tuliyakuta yamefungwa gatini bega kwa bega, tukadhani yametoka pamoja.

Hata hivyo, Mswahili wa kawaida hakuchukua upande wa elimu ya hadithi. Alichukua upande wa ngozi. Kwetu aliyejeruhiwa ni mwenye damu, mwenye kukatwa, mwenye kuchomwa. Asiyekuwa na hayo "ameumia", "ametegua", "ameshtuka mgongo". Tofauti hiyo anaijua mtoto, na hakuna mama wa Lamu atakayemwambia mwanawe aliyeanguka mnazini na kuvimba kifundo cha mguu kwamba amejeruhiwa.

Sitaki kusema kwa jumla tu. Yuko kijana anayechimba na kupakia mawe huko Maweni, Manda, ambaye aliletwa kwangu na shemeji yake kwa sababu watu wa mtaa huu bado hunipa barua zao za Kiingereza niwasomee. Walikuwa wawili wakilipandisha jiwe la kujengea kwenye mashua, mwenzake akateleza kwenye matope ya ufukweni, uzito wote ukamwelemea yeye akiwa amepinda, akasikia kitu kimelia kiunoni. Alipokaa kwenye baraza yangu hakukaa. Aliegemea kwa ubavu, mkono umeshika ukingo wa sakafu, na kila alipotaka kuniambia jambo alivuta pumzi kwanza. Alinipa nakala ya fomu iliyojazwa kwa niaba yake. Penye nafasi ya kueleza "injury" paliandikwa kwa Kiingereza kwamba hakuna.

Nikamuuliza aliulizwa nini. Akasema karani alimuuliza, "Una jeraha gani?" Naye akajibu, "Sina jeraha, bwana. Ni mgongo tu." Akalipandisha shati akamwonyesha. Mgongo ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo, ila vumbi jeupe la mawe kwenye mfereji wa uti. Karani aliandika alichoambiwa, kijana alisema kweli aliyoijua, na kati ya watu wawili wasiokuwa na nia mbaya haki ya mtu ikatoweka kwa sababu ya swali lililofasiriwa vibaya. Baadaye mwajiri aliielekeza fomu hiyo kwa kidole: si mwenyewe amesema hana? Picha ya hospitali imeonyesha diski iliyochomoza kati ya pingili mbili za kiuno. Shauri hilo halijakwisha, kwa hiyo sitalizungumzia zaidi ya hapo wala sitamtaja mtu.

Ningependa kuongeza kwamba kosa la namna hii lina uzito mkubwa sasa kuliko zamani. Zamani mfanyakazi aliyeumia aliweza kwenda moja kwa moja mahakamani kudai fidia, na huko palikuwa na wakili, hakimu na mkalimani, ambao angalau mmoja wao angeuliza swali la pili. Tangu Mahakama ya Juu iithibitishe sheria ya WIBA mwezi Desemba 2019, baada ya mabishano ya miaka kumi yaliyoanzia Mahakama Kuu, njia ya kwanza ni ofisi ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na kinachofika mbele yake ni karatasi. Mwajiri anatakiwa kuitoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu kujua, na mfanyakazi naye ana miezi 12 ya kuwasilisha dai lake. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuweka pingamizi, na baada ya hapo ndipo mlango wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi unapofunguka. Kwa mtu aliyepata ulemavu kamili wa kudumu, fidia hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Ni fedha nyingi kupotea kwa neno moja.

Najua nitapingwa kwa mambo mawili. La kwanza ni la kurasa za michezo. Mtu atasema kwamba "jeraha" limeshapanuka, na kwamba gazeti lako lenyewe kila Jumatatu linatuambia mchezaji fulani wa ng'ambo ana jeraha la paja, la goti au la msuli wa nyuma, na hakuna anayeuliza damu iko wapi. Ni kweli. Lugha hupanuka, na sina ugomvi na watangazaji wa mpira, ambao wamelitanua neno hilo kwa kulifuata Kiingereza hatua kwa hatua. Lakini upana huo umebaki uwanjani. Kijana wa Maweni ni shabiki wa mpira kama wenzake, na bila shaka amewahi kusema kwamba fulani hatacheza kwa sababu ya jeraha la goti; alipoulizwa juu ya mwili wake mwenyewe, alijibu kwa lugha ya mama yake. Fomu ya serikali haina budi kuuliza kwa lugha hiyo.

La pili ni zito zaidi, na msomaji mwenye jicho kali ameshaliona. Kama asili ya "injury" ni dhuluma, je, haifuati kwamba mfanyakazi lazima athibitishe kuwa mwajiri alimdhulumu? Na WIBA haitaki hivyo: fidia hulipwa kwa kuwa mtu ameumia kazini, hata kama mwajiri hakuzembea. Jibu langu ni kwamba asili ya neno si hukumu. Sheria za fidia kwa wafanyakazi, popote zilipotungwa, zilitungwa makusudi kumwondolea mfanyakazi mzigo wa kuthibitisha kosa, ule mzigo uliomfikisha Smith mpaka kwa Malodi. Zililitoa kosa zikaubakisha upana. Neno liliwafaa watunga sheria kwa kuwa tangu enzi ya Veratius na makofi yake halikuwahi kufungwa kwenye ngozi, na hivyo liliweza kubeba mgongo, sikio, pafu na akili bila ya kunyooshwa. Fiqhi yetu ilishafika hapo zamani kwa njia yake: wanavyuoni wanahesabu diya kamili, yaani fidia ya kisheria ya Kiislamu, kwa aliyepotezewa uwezo wa kusikia, na hakuna aliyeshurutisha kwamba sikio litoke damu.

Ndugu zetu wa Tanzania wamelimaliza jambo hili bila ya kelele. Mfuko wao wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, unapozungumza na wananchi husema juu ya mfanyakazi kuumia, kuugua au kufariki kutokana na kazi. "Kuumia" ni neno ambalo kila mtu analo, linaingia mwilini kote, na mwenye kushikwa na kiuno hatalikana. Pale panapohitajika jina badala ya kitenzi, tunalo "dhara", ambalo watu wa mwambao wanalijua kutoka kwenye hadithi ya Mtume inayokataza kudhuru na kudhuriana, na ambalo linatosha kubeba yaliyoonekana na yasiyoonekana. "Jeraha" libaki mahali pake, kwenye kesi za visu, mapanga na misumari, ambako "wound" ya Kanuni ya Adhabu ndiyo inayotafutwa. Huko nililitumia miaka yote na sikuona lingine linalolishinda.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo na linatekelezeka. Ripoti zenu zinapohusu ajira, msiandike "fidia ya majeraha", andikeni "fidia ya kuumia kazini". Na kwa kuwa ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, waandishi wenu wawaulize wahusika wa wizara ya leba ni lini fomu ya kutoa taarifa ya ajali itachapishwa kwa Kiswahili, ili swali lisiachiwe kila karani alifasiri kwa namna yake kaunta kwa kaunta. Iwapo watahitaji maneno ya kuanzia, haya hapa ninayowatajia watu wanaokuja barazani kwangu: Umeumia wapi mwilini, umeumiaje, na ni kazi gani ambayo tangu siku hiyo huiwezi?

Wako mtiifu,
Mkalimani mstaafu,
Langoni, Lamu.